Mpini wa Kombo

Mwashamba alikuwa fundi wa fito za kuvulia samaki, na ufito huu alimtengenezea mumewe, Kombo, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono wa kulia. Alipima mpini wa sponji kwenye kiganja cha Kombo, akaukata kwa wembe, akauvika kwenye ufito.

"Haya shika, baba watoto."

Kombo alishika, ukamponyoka.

"Mrefu mno huu," alisema bila kumtazama. "Punguza."

Alipunguza inchi moja. Ukaanguka tena.

"Bado kidogo tu, Mwashamba."

Mwashamba alijua fika kwamba urefu haukuwa na kosa, lakini angeanzaje kumwambia? Akakata tena, mpini ukabaki kama kidole gumba. Kombo alikuwa ameshanyoosha mkono, akiusubiri.