Jasi ya Veronika

Jasi yote ilikuwa imekombwa. Veronika alichuchumaa katikati ya shamba, begi la msibani hata hajalitua, akapapasa udongo kama mtu aliyedondosha sindano. Hakuona hata chembe. Mwizi mwenyewe alikuwa na adabu zake: alikwangua vizuri mpaka mpakani, na mabua ya mahindi akayapanga pembeni.

Lilikuwa shamba la magadi, huku chini tambarare, ambako watu wa mlimani hugawiwa wakikosa kihamba, shamba la migomba la ukoo. Kila kiangazi udongo ulitoa ukoko mweupe, na mahindi yaliyoota yalinyauka yakiwa magotini. Weupe huo ndio uliomtoa mumewe, Praygod, akaenda kubeba zege mjini, akaanguka kutoka ghorofani na kufa. Matanga yalipoisha, shemeji yake Rogath, mwenye shamba la jirani, akasema mbele ya ukoo kwamba shamba la marehemu lisipozaa msimu huu atalichukua yeye. Veronika na wanawe hawakuwa na pengine pa kwenda.

Habari za jasi, unga mweupe wa madini unaotibu udongo wenye magadi, alizipata kwa afisa kilimo. Unainyunyiza, unaichanganya na mabua, unalima, kisha mvua inayashusha magadi chini. Veronika akauza mbuzi wake wote, akanunua, akanyunyiza. Kabla ng'ombe wa kulimia hawajaletwa, shangazi yake akafariki huko Kibosho. Akapanda msibani na watoto, na mama mkwe akateremka kutoka Old Moshi kumwangalizia kuku.

Sasa mawingu yalikuwa yameshuka, na jasi hakuna. Akainua macho. Ng'ambo ya mfereji, shamba la Rogath lilikuwa jeupe pe.

Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea. Alipita dirishani mwa nyumba yake, akamsikia mama mkwe kitandani akiulalamikia mgongo, lakini kwa hasira hakusimama hata kumwamkia. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji.

"Shikamoo, Mzee Julius. Twende ukamwone mwizi wangu."

"Marahaba. Mwizi gani tena, mwanangu?"

"Shemeji."

Walimkuta Rogath ukingoni mwa shamba lake, mikono kiunoni. Alikuwa amekasirika kuliko wao.

"Afadhali umekuja, mwenyekiti. Muulize huyu kwa nini amenimwagia magadi. La kwake limekufa, sasa anataka na langu life."

"Hiyo ni jasi yangu," Veronika alisema. "Na aliyeiiba ni wewe."

"Niibe vumbi nije kulimwaga kwangu? Nina wazimu?"

"Unataka nishindwe, shemeji. Unalitaka shamba la ndugu yako."

Mzee Julius aliwatazama kwa zamu, akakosa wa kumwamini. "Jumapili tukitoka kanisani, ukoo utakaa," alisema. "Atakayeonekana mwongo ataondoka kwenye ardhi hii."

Rogath akakubali. Veronika naye akakubali, maana alikuwa na hakika. Matone ya mvua yakaanza kuiangukia jasi huko huko ilikokuwa, akatamani kulia.

Kelele zilimtoa mama mkwe ndani. Alikuja akijikongoja na fimbo, akampita mwanawe bila kumtazama, akamshika Veronika mkono. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

"Usiogope ukoo, mwanangu," alisema. "Magadi yaliyomuua Praygod nimeyakuta yamejaa tena shambani kwako, nikayakwangua yote kwa mikono hii. Nikayamwaga kwa huyu niliyemzaa mwenyewe, na lake nalo life."