Jina la Nakijwa

Sheria ni kwamba jina likishaibwa kutoka hazina ya kampuni inayotunza majina ya watu, hufutwa popote lilipoandikwa ili wezi wasilitumie, na kampuni humpa mwenyewe jina jipya. Afisa wao alikuja nyumbani, akaomba radhi kwa adabu, akamkabidhi mjukuu wangu Nakijwa jina la Zamira.

"Lakini Nakijwa ni la Bibi," mtoto akasema.

Afisa akainamisha kichwa. "Na la kaburini pia, Mzee. Fundi yuko nje."

Wanangu wote nimewalea katika kuitii sheria. Nikamwomba fundi patasi, nikalifuta jina la mke wangu kwa mkono wangu mwenyewe.

"Zamira," nikaita, "niletee maji ninawe."

Mtoto alikuwa amesimama kando yangu. Hakuitika.