Ufunguo wa Chumba cha Kona

Mwenye nyumba alimnyooshea ufunguo, ukining'inia kwa kamba ya katani.

"Syombua, chumba cha kona kiko wazi. Unachukua?"

Syombua alisimamisha cherehani. Tangu njaa ya mwaka wa themanini na nne alikuwa akishonea kwenye veranda ya duka la mzee huyo, hapa Sultan Hamud, vumbi la malori likitua juu ya yunifomu za watoto. Chumba hicho, cha kushonea ndani, alikuwa amekiombea mpaka kanisa zima likajua.

Jibu lilikuwa moja tu: nachukua. Asubuhi alilisema peke yake akipiga pasi, na lilitoka vizuri.

Lakini mdomo una mazoea yake. Mteja akiuliza kama nguo itakuwa tayari Ijumaa, Syombua hujibu, "Nitajaribu," na Alhamisi nguo imeshakunjwa. Kwao, mwanamke wa kujibu haraka aliitwa mwenye kiburi.

Alipokea ufunguo. Ulikuwa bado na joto la mfuko wa mzee.

"Tutaona, mzee," alisema. "Wacha niombee hayo maneno kwanza."

Mzee alingoja. Kamba ya katani ilikuwa imejizungusha kwenye kidole cha Syombua.

"Mimi nachukua," alisema mteja aliyekuwa akingoja suruali yake, mwanamume wa kutoka Matiliku. Chumba chenyewe hakuwa amekiona.

Syombua aliifungua kamba polepole, akampa mteja ufunguo.

"Na suruali, mama? Itakuwa tayari leo?"

Ilikuwa kando ya cherehani, imeshapigwa pasi na kukunjwa.

"Nitajaribu," alisema.