Kibali cha Wiki Mbili

Afisa wa forodha alikuwa amelala chali chini ya gari, anasugua tope kwa kitambaa ili asome namba ya chesisi. Miguu yake tu ndiyo ilionekana. Matope alisimama kando, mikono mfukoni, akiomba namba ionekane upesi aondoke zake.

"Inalingana," alisema afisa, binti mwembamba, akajitoa uvunguni na kujipangusa. "Bado hii ya magurudumu manne."

Jina la Matope alipewa na wenzake wa mashindano ya porini, kwa sababu kila mwenye akili akikwepa dimbwi, yeye hulifuata. Leo alikuwa anavuka mpaka na vyombo vyake viwili: gari la matairi mapana, na juu ya trela pikipiki ya magurudumu manne, ambayo haikuwa hata na kibao cha namba, maana haiendi barabarani. Anakwenda mashindanoni wiki mbili, kisha anarudi. Hivyo ndivyo alivyomwambia mkewe.

Hakukuwa na mashindano. Ng'ambo kulikuwa na mwanamke waliyejuana naye mwaka juzi, na Matope alikuwa anahamia kwake moja kwa moja. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya Matope ilikuwa na kilomita mia mbili na mpaka katikati. Alikusudia kumwandikia mkewe barua wiki mbili zikiisha. Kumwambia uso kwa uso kulimshinda. Huyu mtu hushuka makorongo akipiga mluzi, ila mbele ya mkewe ulimi humganda.

Na ujinga wa mwanadamu hauna kipimo: karatasi za kumtorosha aliziandaa mkewe huyo huyo. Angefanyaje? Yeye na fomu hawakuwahi kupatana, na mkewe alikuwa karani wa wakala wa forodha kwa miaka ishirini na miwili.

Mwezi uliopita alimketisha mezani akamweleza polepole, kama anavyowaeleza wateja. Vibali viko vya namna mbili. Cha muda, chombo kinatoka na lazima kirudi kabla ya tarehe iliyoandikwa. Cha kudumu, chombo kimehama: vibao vya namba vinavuliwa pale pale mpakani, mpokeaji wa upande wa pili anatia sahihi kwamba anakipokea, na siku kikitaka kurudi kinatozwa ushuru kama kigeni.

"Wewe unataka kipi, mwenzangu?"

Matope alijibu cha wiki mbili, macho yakiwa dirishani. Baadaye fomu zilipokuwa tayari alitia sahihi kila palipowekwa alama, bila kusoma, kama alivyozoea tangu waoane.

Juzi mchana mkewe alitoka uani na daftari kwenda kuhakiki namba za gari, akakaa huko karibu saa nzima. Matope jasho lilimtiririka, kwa kuwa nyuma ya gari, chini ya hema na vipuri, alikuwa ameficha sanduku la nguo zake na albamu ya picha za marehemu mama yake. Mkewe aliporudi alisema tu kwamba kila kitu kinalingana. Akalifunga faili kwa utepe, akamwonya asilifungue mpaka mpakani, karatasi zisije zikachanganyika.

Asubuhi alimfungia chakula cha njiani, akasimama mlangoni hadi gari lilipokata kona.

Hapo ndipo palipomtafuna Matope. Alimwona mkewe akihesabu siku kumi na nne peke yake, na ya kumi na tano akitenga sahani mbili. Watoto wameshakwenda kwao, nyumba yote kimya. Alimhurumia kweli kweli, hadi macho yakamwasha, na mara mbili njiani alipunguza mwendo kama anayetaka kugeuza. Hakugeuza.

Afisa alimwita dirishani, akabandua utepe, akaanza kusoma. Alisoma taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Unarudi lini, mzee?"

"Baada ya wiki mbili."

Kidole kilisimama. Afisa alifunua ukurasa wa nyuma, kisha akarudi wa kwanza.

"Basi tuna tatizo."

Matope alijiona amerudishwa, anaegesha gari uani, mkewe anatoka na kumuuliza kulikoni. Alijikaza akasema pengine ni makosa madogo ya karani.

"Karani huyu?" Afisa alitikisa kichwa. "Fomu safi namna hii sijaiona mwaka mzima. Anayekosea ni wewe." Akalizungusha faili, akamsogezea na bisibisi juu yake. "Soma mwenyewe, halafu ukavue namba za gari."

Ulikuwa mwandiko wa mkewe, umenyooka kama kawaida yake. Aina ya kibali: cha kudumu. Tarehe ya kurudi: hakuna. Mizigo: sanduku moja la nguo za kiume, albamu moja ya picha, dawa za presha za miezi sita, ambazo Matope alikuwa amezisahau kabatini. Na penye mpokeaji paliandikwa jina la yule mwanamke, mtaa wake na namba ya mlango, na chini yake sahihi ya mwanamke huyo mwenyewe, ya wiki tatu zilizopita.