Waziri Aliye Marehemu

Kila gavana mpya alipounda serikali ya jimbo, sheria ilimtaka ateue mawaziri tisa walio hai na mmoja marehemu, kwa kuwa marehemu hana wa kumpendelea. Sauti na akili zake zilihifadhiwa katika mashine. Safari hii aliteuliwa Lukusa, injinia wa barabara, na bunge la jimbo likamwidhinisha. Mjane wake, Mwamini, aliridhia kwa fahari.

Baraza lilipokwisha kuapishwa, Mwamini alipiga simu wizarani.

"Karibu, mwananchi," ilijibu sauti ile ile yenye mkwaruzo.

"Baba Sifa, ni mimi."

"Samahani, mama, sikutambui. Una shida gani?"

Hapo ndipo alipoelewa kwamba walikuwa wamemfutia kumbukumbu za jamaa zake wote. Laiti angejua, asingeridhia. Lakini hakutaka sauti ile ikatike, basi akabuni shida: daraja la mtaani limebomoka. Lukusa akamhoji kwa upole, kama alivyokuwa akimuuliza jioni habari za kutwa.

Binti yao, Sifa, alimsogelea. "Baba ameniulizia?"

"Ndiyo," alisema Mwamini, akimpa mgongo. "Anakusalimia sana."