Nafasi ya Pacha

Zama hizo mtoto hakupewa jina mpaka nyumba yao imtengee nafasi kwenye seva ya mtaa, zilikokaa kumbukumbu za watu wote. Kilichofutwa humo kilifutika na kichwani. Mkasi alitenga nafasi ya mtoto mmoja, akajifungua pacha.

"Usihangaike, mwanangu," alisema mama mkwe wake, Bi Kidawa, huku amewapakata wote wawili. "Nafuta ugomvi wangu na marehemu mume wangu. Tulikuwa tunagombania hata chumvi."

Akabonyeza. Nafasi ikapatikana, tena ikabaki. Vigelegele vikarindima, na pacha wakapewa majina yao.

Bi Kidawa, akicheka bado, akaitazama picha ukutani.

"Mkasi, huyu baba mwenye sura nzuri ni nani?"