Nguo za Kushukia

"Tabasamuni!" Nahodha Olibris alinong'ona kwa ukali. "Kwani mnakwenda msibani?"

Ifonise akajilazimisha kutabasamu. Tangu waondoke Haiti walikuwa wamefichwa chini ya turubai, wakitapikiana, wasijue hata jua linachomoza upande gani. Asubuhi hii nahodha alikuwa amewafunua, akawapa maji ya kunawa na kuwaamuru wavae nguo zao nzuri kuliko zote. Nchi kavu ilikuwa mbele yao.

"Nassau hiyo," alisema. "Mchafu anakamatwa hapo hapo ufukweni. Mkipendeza mtaonekana wenyeji. Na msiongee! Polisi wa huku wanajua Kikreyoli, ndicho wanachowategea. Mtu akikusalimu, tabasamu, pita. Nyookeni mpaka kanisani, kuna mtu atawachukua. Atakayefungua mdomo, mimi simjui."

Panga lilikuwa kiunoni mwake. Kijana aliyeuliza mbona safari haiishi alikwisha kuonja ubapa wake, na tangu hapo hakuna aliyeuliza kitu.

Ifonise alishika tumbo lake, ambalo sasa halikufichika. Mumewe, Dieuseul, alikuwa mwashi huko Nassau, naye aliapa kwamba mtoto atazaliwa baba yake akiwapo. Kwa ajili ya safari hii Ifonise alikuwa ameuza cherehani, kitanda na kibanda alichoachiwa na mama yake. Nyuma hakubakiwa hata na kijiko.

Mashua ilipokaribia, upepo ukawaletea harufu ya supu ya boga, ile inayopikwa kila nyumba ya Mhaiti siku ya Uhuru. Mama Dieula, aliyebanana naye safari nzima, akamfinya paja kwa furaha.

"Mwanangu, unaisikia? Si leo tarehe mosi Januari? Uhuru wetu unasherehekewa mpaka huku!"

"Nyamaza, mama, atakusikia."

"Wacha anisikie. Nilijua mwaka huu siionji."

Bendera za buluu na nyekundu zilipepea juu ya mapaa ya bati, ngoma zikilia, watoto wakikimbizana na mabakuli. Dieuseul aliwahi kumwambia kwenye simu kwamba Wahaiti wamejaa Nassau, lakini Ifonise hakudhani wamejaa namna hii. Machozi yakamtoka. Nahodha hakuwa na habari na sherehe. Aliwatazama abiria wake mmoja mmoja, akamnyoosha huyu kola, akamfuta yule uso, kama muuza nyanya anayepanga zile za juu ya fungu.

Walishuka kimya, wakitabasamu. Watu ufukweni wakawapigia makofi na vigelegele. Ifonise akashangaa, maana hakuna aliyemfahamu pale. Mwanamke mmoja akamtia bakuli la supu mkononi. Akainywa vivyo hivyo ikiwa ya moto, ikamuunguza ulimi, hakujali.

Msichana mwenye furushi kichwani akampita mbio kuelekea kwenye mashua. Akasita, akarudi, akalishika gauni la Ifonise kwa vidole viwili.

"Jamani, dada, umependeza! Mmerudi kula sikukuu nyumbani, eti? Nahodha anatupakia sisi sasa hivi. Hebu niambie upesi, huko Nassau kukoje?"